Kilometa tano kutoka Ndosho, na miguu iliyochoka



Wengi wenu mlituuliza juma hili, sokoni na kwenye lango la shule: ile Jumapili asubuhi, tulikuwa tunakimbia nini? Ni swali la haki. Katika mji wetu wa Goma, mtu mzima akionekana anakimbia barabarani, watu hawatazami mbele yake kuona anaenda wapi. Wanatazama nyuma yake. Kwa hiyo tunawaandikia namna ilivyokuwa tangu mwanzo, ili mama anayetaka kuja nasi siku nyingine ajue anakuja kwa nini.

Tulikuwa wamama tisa. Watatu ni walimu wa shule ya msingi, wawili wanauza sambaza na ndagala kwenye soko la Kituku, mmoja anauza makala, mmoja ni mshonaji, mmoja anakaa nyumbani na watoto sita, na wa tisa ni mama yetu mkubwa, mwenye kutunza sanduku la akiba la kikundi. Yeye amekwisha kupita miaka hamsini na tano. Mbio zilitayarishwa kwa ajili ya mwezi wa wanawake, Jumapili tarehe 6 mwezi wa tatu 2022, siku mbili mbele ya tarehe 8. Njia ilikuwa kilometa tano, kutoka upande wa Ndosho kwa barabara ya Sake hadi rond-point Signers. Sheria ilikuwa nyepesi: kila kikundi kinahesabiwa mwanzoni, kinahesabiwa mwishoni, na saa inasimama mtu wa mwisho anapofika. Vikundi vinavyofika vizima ndani ya dakika 45 vinapewa kila kimoja mashini ya kushona.

Mashini hiyo ndiyo iliyotutoa nyumbani, hatutaki kusema uongo. Mshonaji wetu anashonea mashini ya kukodi. Kila mwisho wa mwezi, kabla hajanunua unga, anamlipa kwanza mwenye mashini. Tulipopata habari za zawadi tulimwangalia yeye, naye akaangalia chini. Basi tukaandikisha majina.

Sasa tuseme juu ya miguu.

Kilometa tano si nyingi. Mama wa Goma anatembea zaidi ya hizo kwa siku moja, tena na mzigo kichwani na mtoto mgongoni. Ndiyo sababu wengi walituambia: “Ninyi wamama mmekwisha kuzoea, mtakimbia tu.” Lakini kuzoea kazi ni jambo moja, na kufika kwenye mbio na miguu mipya ni jambo lingine. Tangu volkano ya mwaka 2021 iharibu tangi kubwa la maji la Buhene, mnajua wenyewe namna tulivyotafuta maji. Bidoni moja ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na nyumba ya watu wanane haitoshelezwi na bidoni mbili. Mwenzetu wa makala alishusha magunia Ijumaa yote, na Jumamosi asubuhi akaenda kwenye salongo kama wengine. Wenzetu wa samaki wanaamka saa tisa ya usiku kungojea mitumbwi. Na sisi walimu, watu wanafikiri tunakaa. Hatukai. Darasa la watoto zaidi ya sitini linafundishwa ukiwa umesimama, ukipita kati ya madawati, na jioni kuna madaftari ya kusahihisha.

Jumamosi jioni tulikutana kwa mama mkubwa, na hakuna aliyekuwa na miguu. Mwenzetu mmoja alivua viatu, akaonyesha vifundo vilivyovimba. Mwingine alisema paja linamuuma akipanda ngazi moja tu. Mshonaji peke yake ndiye aliyekuwa mzima, kwa sababu kazi yake ni ya kukaa. Hata yeye alisema mguu wa kukanyagia mashini umekuwa mgumu kama kuni.

Tulikuwa tumemwomba mwalimu mmoja wa mazoezi ya mwili aje kutushauri. Ni kijana mwenye adabu. Hakutucheka. Alitueleza mambo manne, na sisi tunayarudia hapa kwa sababu yanafaa hata kwa mama asiyekimbia.

La kwanza, usiku mmoja hauwezi kujenga nguvu ambayo juma zima halikujenga. Kinachowezekana ni kuacha kuiharibu. Kwa hiyo: hakuna kujaribu mbio Jumamosi jioni, hakuna kubeba maji usiku huo, vijana wa nyumbani wabebe. Na kulala mapema.

La pili, kula. Misuli ina akiba yake ya sukari ndani, na kazi ya juma zima inaipunguza. Mama anayekwenda bila kula kwa kuogopa uzito anakwenda na sanduku tupu. Alituambia tule ugali na maharage kama kawaida, si vyakula vigeni, na asubuhi ndizi moja au kikombe cha uji, saa moja mbele ya kuanza.

La tatu, na hili ndilo alilolirudia mara tatu: kuanza polepole kuliko moyo unavyotaka. Alisema miguu iliyochoka inadanganya. Mwanzoni, kelele za watu zinaifanya isahau uchovu, unakimbia kama msichana, na kabla ya kilometa ya pili inakumbuka yote kwa pamoja. Tena mji wetu uko juu: uso wa Ziwa Kivu peke yake uko mita 1,460 juu ya bahari, na sisi tunaishi juu ya ziwa. Hewa ni nyepesi, pumzi inakatika haraka. Alitupa kipimo kisichohitaji saa: ukiwa unakimbia, ita jina la mwenzako na umuulize habari za watoto wake. Kama sentensi inakatika katikati, punguza.

La nne, hatua ndogo. Mtu aliyechoka akitupa mguu mbali, goti ndilo linalolipa. Hatua fupi, za karibu karibu, mabega yakiwa chini.

Tuliomba, tukaagana, kila mmoja akaenda kwake.

Usiku mvua ilinyesha. Asubuhi tulifika Ndosho saa kumi na mbili, kukiwa bado na baridi, na vumbi letu jeusi lilikuwa limelala kwa ajili ya maji. Nyiragongo ilikuwa wazi tangu chini hadi juu, mlima wa mita 3,470, na wingu dogo kileleni kama mama aliyefunga kitambaa. Kila mtu aliyefika aliangalia kule kwanza kabla ya kusalimu wenzake. Hata hatujui kama tunafanya hivyo. Tangu 2021 shingo zetu zimejifunza.

Wengi tulikuwa na viatu vya mitumba. Mama mkubwa alikuja na viatu vya plastiki vya kila siku, akakataa vingine. Tulivaa kikwembe kimoja juu ya suruali, kwa heshima yetu na ya waume zetu. Tulihesabiwa: tisa. Saa kumi na mbili na nusu filimbi ikalia.

Ilikuwa kama kijana alivyosema. Kikundi kimoja cha wasichana kilituacha kama gari. Miguu yetu ikataka kuwafuata. Mwenzetu wa makala, mwenye nguvu kuliko sote, alikuwa amekwisha kutangulia, na mama mkubwa akamwita kwa sauti: “Mama, habari za watoto?” Akajibu neno moja, la pili likakwama. Akacheka, akarudi. Tangu hapo tulikwenda pamoja, wawili wawili, na mama mkubwa mbele ili asiachwe.

Ukiwa ndani ya gari barabara hiyo huioni vizuri. Ukiwa kwa miguu unaona kwamba inapanda na kushuka kidogo kidogo, na kwamba kila kupanda kudogo kunahesabiwa na mapaja. Unaona kuta za mawe ya volkano, yaliyopangwa moja moja bila haraka, na nyuma ya kuta wamama wanaofagia. Unaona mwenye chukudu anayesukuma magunia ya viazi kupanda kilima, goti moja juu ya mbao, mguu mwingine ukipiga chini. Mji wetu umemjengea chukudu sanamu ya rangi ya dhahabu, na ni haki. Lakini asubuhi ile tuliona kitu ambacho sanamu haionyeshi: mwenye chukudu naye anaanza polepole. Anapiga hatua fupi. Hakuna aliyemfundisha kwa daftari.

Na watu walitoka. Mlangoni, dirishani, kwenye vibanda. “Wamama, kuko nini?” “Muko nakimbia nini?” Baba mmoja, sabuni bado usoni, alitoka na mtoto mkononi, akaangalia mlima, akatuangalia sisi. Tulimpigia kelele kwamba ni michezo tu. Hakurudi ndani mara moja.

Hapo tulianza kufahamu kwamba tulikuwa tumechagua njia nzito. Mnakumbuka Alhamisi tarehe 27 mwezi wa tano 2021, siku tano baada ya mlima kulipuka, serikali ilipotangaza alfajiri kwamba mitaa mingi ya mji iondoke. Wengi wetu tulishika barabara hii hii, kwenda Sake, karibu kilometa 25, na magodoro, na masufuria, na wazee ndani ya chukudu. Siku ile tuliupa mji mgongo. Jumapili hii tulikuwa tunauelekea. Mawe ni yale yale, lami ni ile ile, lakini mwili hausomi ramani. Mwili unakumbuka mahali.

Tulikuwa tumepita kilometa ya tatu. Mshonaji alikuwa na saa: dakika 26. Tulikuwa vizuri. Miguu ilikuwa mizito lakini ilikuwa inatii, na kila mmoja alikuwa amekwisha kuona ile mashini imewekwa juu ya meza.

Mbele ya kituo kimoja cha mafuta, mwenzetu mmoja wa samaki alisimama.

Hakuanguka. Hakushika tumbo. Alisimama tu, mikono chini, na kusema: “Mwalimu, ni hapa.”

Tulijua habari yake, lakini hatukujua mahali. Siku ile ya Sake alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, mzigo kichwani, na mtoto wa miaka mitano aliyeshika upindo wa kikwembe chake. Gari lilipiga honi, watu wakasukumana, na alipoinama kuangalia, upindo ulikuwa mtupu. Alirudi nyuma, akaenda mbele, akaita mpaka sauti ikakatika. Mtoto alipatikana siku ya nne, huko Sake, kwa familia moja iliyompa chakula na mahali pa kulala bila kumjua. Mungu awabariki pale walipo. Mtoto yuko mzima. Lakini tangu siku ile mama huyu hakupita mbele ya kituo hicho kwa miguu. Akienda upande huo, anapanda pikipiki na kufunga macho. Aliandikisha jina lake kwenye mbio, naye hakutuambia neno. Labda alitaka kujua kama ataweza.

Tunawaeleza yaliyofuata bila kuyapamba. Mshonaji aliangalia saa. Mwingine alisema kwa upole: “Dada, tutembee tu, tutembee polepole.” Miguu yake haikuondoka. Mmoja kati yetu alisema labda wanane waendelee, kisha tumrudie. Lilikuwa wazo la mtu aliyechoka, na wote tulikuwa tumechoka, kwa hiyo hatumlaumu. Mama mkubwa hakujibu. Aliketi juu ya jiwe kando ya barabara, akanyoosha miguu yake na vile viatu vya plastiki, na kusema: “Ndosho tulihesabiwa tisa.”

Basi tukaketi. Wengine walisimama wakimshika mkono. Hatukusema maneno mengi, kwa sababu hakuna maneno yanayofaa mahali kama pale. Vikundi viwili vilitupita. Dakika zilikwenda, na ukweli ni kwamba tulizihesabu, kila mmoja moyoni mwake.

Aliyetuondoa ni mtoto wa njiani, mwuza mikate, na beseni kichwani. Alitukuta tumeketi, akaangalia mlima kama wote, akauliza: “Wamama, kuko nini?”

Tukangoja mwingine ajibu. Aliyejibu ni mwenzetu wa samaki mwenyewe. Alisema: “Hakuna kitu. Hakuna kitu kinatufukuza. Tuko nakimbia bure.”

Mtoto akatuona wajinga, ilionekana usoni. Nasi tukaanza kucheka, na yeye akacheka, na machozi yakimtoka. Akafunga kikwembe upya, akakaza fundo. Kisha akaanza yeye wa kwanza.

Kilometa zile mbili za mwisho, miguu iliyokaa ilikuwa imekufa ganzi. Mnajua mwili uliopoa: kuuanzisha tena ni kazi kuliko kuusimamisha. Tulirudi kwenye hatua ndogo kabisa, karibu kutembea. Kufika Katindo, pikipiki zilikuwa zimekwisha kuachiliwa, zikatupigia honi, tukakimbia kando kando. Mshonaji hakuangalia saa tena. Rond-point Signers tulipokelewa na watu wachache waliobaki. Walituhesabu: tisa. Wakaandika dakika: 52.

Kila mmoja alipewa chupa ya maji na kipande cha sabuni. Mashini hatukuipata.

Hatutaki kuwaficha, mshonaji alikasirika. Hakusema ubaya, lakini alirudi kwake bila kuagana, na Jumatatu hakuja kwenye mkutano. Ana haki ya uchungu wake. Ni yeye anayelipa kodi ya mashini kila mwezi, si sisi. Jumanne tarehe 8 tulipokutana kwa sikukuu, alikuja na kuketi nyuma. Mama mkubwa alifungua sanduku la akiba mbele ya wote, akapendekeza kwamba kikundi kimkopeshe nusu ya bei ya mashini iliyotumika, alipe kidogo kidogo mahali pa ile kodi. Tulipiga kura, mikono yote ikainuka. Mwenzetu wa samaki aliinua wake wa kwanza. Mshonaji alisema aksanti, kisha akasema jambo ambalo tunalifikiri mpaka leo: “Nilikasirika kwa sababu mimi nilikuwa bado na miguu.”

Ndiyo shida ya kwenda pamoja, wamama. Hatuchoki kwa wakati mmoja, wala hatuchokei mahali pamoja. Mmoja anachokea kwenye maji, mwingine darasani, mwingine mbele ya kituo cha mafuta. Aliye mzima leo ataona kwamba anacheleweshwa, na ni kweli anacheleweshwa. Tusimwambie kwamba hasara yake si kitu. Tuikubali, na tutafute namna ya kuibeba pamoja naye.

Kwa wale wanaotaka kujaribu, tunaongeza maneno machache. Uchovu wa kazi unaondoka kwa kulala na kula; baada ya siku mbili tatu miguu inarudi. Lakini mama anayechoka majuma na majuma, anayekosa pumzi kwa kupanda ngazi tu, au ambaye moyo wake unapiga haraka akiwa ameketi, asikimbie wala asisubiri: aende kituo cha afya wampime damu. Wengi wetu tunapungukiwa damu, kwa ajili ya kuzaa, hedhi nyingi, malaria, au kula mwisho baada ya wote. Sombe, lengalenga, maharage na samaki wadogo vinasaidia, lakini kipimo ndicho cha kwanza. Mwenye homa akae nyumbani. Mwenye mimba au aliyejifungua karibuni amuulize muuguzi kwanza. Na kama miguu ni mizito kwa sababu ya yale yaliyopita, mama huyo asiambiwe ajikaze. Apate mtu wa kuketi naye. Katika vituo vya afya kuna wanaofundishwa kusikiliza, tusione haya kuwaendea.

Sisi tutaendelea kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, saa kumi na mbili ya asubuhi, mbele ya ibada. Hakuna saa, hakuna zawadi. Anayetaka kutembea atatembea.

Jumatatu ile, tulisimama darasani tukishika ukuta. Mtoto yule wa Sake sasa yuko darasa la kwanza, kwa mmoja wetu. Wakati wa mapumziko alikuja mbele ya meza, akauliza: “Madamu, mama alifika?”

Tulimjibu kwamba alifika. Akaenda kucheza.

Mubaki na amani. Tuko pamoja.